Namba ya Watu Kumi na Sita

Ukimwamkia Mwalimu shikamoo, aliitikia marahaba kama mtu mwingine yeyote, halafu akauliza, "Namba yetu imeamkaje?"

Mgeni alidhani anaulizwa namba ya simu na kuanza kuitaja. Sisi wa Didia tulijua la kujibu. Ulitakiwa useme namba imeamkia wapi, kisha uisome kuanzia hapo mpaka uizunguke yote.

"Imeamkia saba, Mwalimu."

"Saba yupi? Wako wawili."

"Yule anayefuatwa na sita."

"Haya, twende naye."

Hapo ulisimama njiani na ndoo yako kichwani ukisema saba, sita, nne, saba, sifuri, tano, nane, nane, mbili, tatu, tano, mbili, tisa, nne, moja, moja. Watoto waliupenda mchezo huu. Watu wazima wenye haraka walipita kwenye mashamba ya dengu wakiwa wameinama.

Namba yenyewe ni hii: 0588235294117647. Mtu mmoja aliikuta imeandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa Mwalimu, akaenda kuiingiza kwenye mita yake ya umeme. Mita ikamkatalia, akarudi kulalamika. Mwalimu alimjibu kwamba namba ile haiwashi taa, ila ukiizidisha kwa mbili utaona mwanga.

Ndivyo ilivyokuwa. Ukiizidisha kwa mbili unapata 1176470588235294. Tazama vizuri, ni wale wale, wamekaa kwa mpangilio ule ule, ila anayeanza ni mwingine. Zidisha kwa tatu, wanaanzia kwa jirani yake: 1764705882352941. Zidisha kwa nne, kwa tano, endelea mpaka kumi na sita, hakuna anayetoka wala anayeingia. Mwalimu alisema ni kama watu waliozunguka sinia la ugali. Leo anaanza kumega huyu, kesho yule, lakini waliokaa ni wale wale. Ile sifuri ya mbele watu walimwambia aitupe, kwa kuwa sifuri ya mbele haina thamani. Alikataa. Alisema mkiitupa leo kwa sababu iko mbele, kesho mtaitafuta ikiwa katikati. Hatukumwelewa, na sifuri hiyo ndiyo iliyotuponza baadaye.

Aliipata kwa kuadhibu. Alikuwa anafundisha hesabu darasa la saba, na siku hiyo darasa lilikuwa na kelele naye alitaka kunywa chai. Akaandika ubaoni: gawanya moja kwa kumi na saba, na mtu asinyanyuke mpaka imalizike. Alijua haimaliziki. Chai ilikuwa bado ya moto aliposikia darasa zima linanong'ona, kisha wakapaza sauti pamoja, "Mwalimu, imerudi!"

"Nini kimerudi?"

"Moja imerudi! Tulianza na moja, imerudi tena moja!"

Alisema alidhani wanamtania. Akachukua chaki akaifanya mwenyewe, na chai ikapoa.

Sisi tusiokuwamo darasani alitufundishia njiani, kwa fimbo, kwenye vumbi. Una kitu kimoja, wanakisubiri watu kumi na saba. Hakitoshi. Kifanye kumi, bado hakitoshi, andika sifuri. Kifanye mia, kila mtu apate tano, inabaki kumi na tano. Kumi na tano ifanye mia na hamsini, kila mtu nane, inabaki kumi na nne. Unaendelea hivyo, kila mara kuna kilichobaki, na kinachobaki hakijirudii mpaka umepita kwa wote, kuanzia moja mpaka kumi na sita. Ukishamaliza wote, inabaki moja, unaanza upya.

"Unaona?" alisema. "Ni kama mtu wa kuchangisha msiba. Hawezi kurudi kwako kabla hajapita nyumba zote."

Hesabu ile ilikuwa ndefu, na alikuwa akiiandika huku anatembea. Ukitaka kumpata, ulifuata zile tarakimu barabarani. Mara nyingi ng'ombe walikuwa wamekwisha kuzikanyaga.

Kuna jambo lililotuchekesha siku zote. Mtu huyu aliyejua namba moja kwa kina hivyo hakuweza kugawa nyama. Kwenye sherehe wenzake walimheshimu, wakampa kisu. Naye alisema kwanza tujue tuko wangapi. Akihesabu, wengine walikuwa wanaingia na wengine wanatoka, akaanza upya, na nyama ikaganda mafuta. Mwishowe mke wake, Mama Limi, alimnyang'anya kisu, akatazama watu mara moja, akagawa, na haikubaki hata mifupa. Mbuzi wake hakuwajua kwa idadi. Aliwajua kwa tabia. Jioni aliuliza, "Yule mwenye dharau amerudi?" Akiambiwa amerudi, alifunga mlango wa zizi.

"Mwalimu wa hesabu gani asiyehesabu mbuzi?" Mama Limi aliuliza mbele yetu.

"Kuhesabu ni kazi ya karani," alijibu. "Hesabu ni umbea. Unamchunguza namba, ndugu zake ni nani, nani anaweza kumgawa, akikutana na fulani anafanyaje."

"Basi ndiyo maana unaiweza."

Alipostaafu, wenzake waliotumia kiinua mgongo chao vizuri walijenga. Yeye alinunua ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ngozi ya ng'ombe, mbao nzito. Mama Limi alikuwa anasubiri bati. Alizitazama ngoma zikishushwa kwenye mkokoteni, akasema, "Mvua ikinyesha tutaingia humo." Lakini kila nilipokwenda pale zilikuwa zimefutwa vumbi, na aliyezifuta hakuwa Mwalimu.

Nia yake ilikuwa kuicheza namba. Alitaka watu kumi na sita, kila mmoja na kibao kifuani, wazunguke duara kwa ngoma. Mtazamaji anaita mara ngapi, Mwalimu anapita katikati na usinga wake wa mkia wa ng'ombe, na atakayeguswa ndiye mwanzo. Kutoka kwake kila mtu anataja tarakimu yake kwa kupokezana, na jibu linakuwa limepatikana bila mtu kushika kalamu.

Mimi sikuwa mtu wa kucheza. Mpaka leo nikiingia dukani nasubiri wengine waondoke ndipo niseme ninachotaka. Mama alinituma kwa Mwalimu kurudisha jembe, nikarudi nyumbani nikiwa tisa.

"Tisa anatakiwa mtu asiyesema sana," Mwalimu alisema akinivika kibao. "Tayari ni mkubwa, akiwa na maneno mengi atawaonea wenzake."

Nafasi zote zilipata watu upesi, isipokuwa sifuri. Hakuna aliyeitaka. Vijana walisema hawawezi kusimama mbele ya wasichana wakiwa sifuri. Mwishowe alikubali Baba Kabula, mtu mnene, mkulima wa mpunga mwenye ng'ombe wengi, ambaye alipenda kucheza kuliko alivyoogopa kuchekwa. Mwalimu alimpanga mkabala na mimi. Hapo ndipo nilipojua siri ya pili ya namba ile. Kila mtu alikuwa na mwenzake upande wa pili wa duara, na ukiwajumlisha unapata tisa. Tano alimtazama nne, nane alimtazama moja, mbili alimtazama saba, tatu alimtazama sita. Mimi nilimtazama Baba Kabula.

"Wewe huna kazi ya kujumlisha," aliniambia. "Mimi nimekuja mikono mitupu."

Habari za namba zilifika mbali kuliko sisi wenyewe. Walikuja wachimbaji wawili kutoka machimbo ya upande wa Geita, kwa pikipiki, nywele zimejaa vumbi la mawe. Walikuwa wamesikia kuna mzee ana namba isiyokufa, wakataka wapewe kwa ajili ya shimo lao.

"Ni dawa?" mmoja aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni kali," alisema Mwalimu bila kucheka. "Ina masharti. Kila anayeshuka shimoni awe na tarakimu yake. Mkitoka mjipange, muisome yote. Ikikatika, hakuna kuondoka."

"Dhahabu itatoka?"

"Namba haijawahi kuniambia habari za dhahabu."

Waliondoka wameridhika, maana dawa isiyoeleweka ndiyo iliyoaminika. Baada ya miezi walipita tena. Dhahabu hawakupata. Ila siku moja walipotoka na kujipanga, namba ilikatika baada ya nane wa pili, mbili hayupo. Wakarudi chini wakamkuta amekaa kwenye kona ya shimo, hewa imemwishia, hawezi hata kuita. Wakamvuta juu akiwa mzima. Mchimbaji alisimulia haya akiwa ameshika mkono wa Mwalimu. Mwalimu alikwenda nyuma ya nyumba, na Mama Limi ndiye aliyewapikia wageni.

Huku kwetu, baada ya mavuno, makundi mawili ya ngoma yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna anayepewa alama. Watu wanatembea, wanakwenda kwenye ngoma inayowavuta, na wazee wakipuliza kipenga, kundi lenye watu wengi limeshinda. Kwa hiyo kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, ana kitu cha kuvutia watu. Wako wanaocheza na majembe, wako wanaocheza na fisi. Aliyeogopwa kuliko wote maeneo yetu alikuwa na chatu. Alimvaa shingoni kama skafu, na chatu akinyanyua kichwa, watu wote wa uwanja walikuwa wake.

Huyu mwenye chatu alimkuta Mwalimu gulioni, mbele ya watu.

"Mwalimu, nasikia unacheza namba."

"Nacheza. Na wewe bado unacheza mnyama?"

"Mnyama wangu ana macho. Namba yako ina macho?"

"Haina, ndiyo maana haiogopi watu."

Watu walicheka, na mwenye chatu hakupenda.

"Basi tukutane uwanjani. Ukishindwa, zile ngoma zako tatu ni zangu."

Mwalimu alikuwa amekwisha kushinda maneno, angeweza kuondoka. Alisema, "Na ukishindwa wewe, zako ni zangu." Wakapeana mikono. Nilimtazama Mama Limi aliyekuwa anachagua dagaa pembeni. Aliziacha dagaa, akaenda zake nyumbani bila kununua.

Baada ya hapo hakuna aliyetania tena. Kila mtu alijua Mwalimu hana kitu kingine cha kununulia ngoma. Zikiondoka, hakuna kucheza, na namba inarudi kuwa chaki ukutani. Alitufanyisha mazoezi kila jioni nyuma ya shule. Siku moja upepo ulipindua kibao changu, tisa ikawa sita, na jibu lote likaharibika. Kuanzia hapo alikifunga kwa kamba juu na chini, mpaka nikawa natembea kama niliyebanwa mbavu. Mwenye duka mmoja alikuja na kikokotoo kutupima. Alipobonyeza namba yote, kikokotoo kiliandika herufi moja tu na kukataa kuendelea. Mwalimu alifurahi kana kwamba namba imempiga mtu mweleka.

Kosa letu lilikuwa la uwanja. Tulikubaliana tukacheze kijiji cha jirani, karibu na ghala la pamba. Hakuna aliyeuliza ghala liko karibu na nyumba ya nani. Siku ile tulipofika na mkokoteni, Baba Kabula alisimama ghafla kama ng'ombe aliyeona daraja.

"Mwalimu, pale ni ukweni."

"Pale wapi?"

"Ile nyumba ya bati jipya. Na yule aliyekaa mbele kabisa kwenye mkeka ni mama mkwe wangu."

"Si utacheza tu? Kwani sifuri ana mama mkwe?"

"Sifuri hana. Mimi ninaye." Aliinua kibao chake. "Nimepeleka ng'ombe wengi wa mahari katika ile nyumba, Mwalimu. Leo nije kumtikisia mabega mama mkwe, na sifuri kifuani? Atasema ndiyo hesabu ya ng'ombe niliobaki nao."

"Geuza kibao."

"Nikigeuza inakuwa nini?"

Mwalimu alifikiri. "Sifuri," alikubali.

Baba Kabula alikwenda nyuma ya ghala, akakaa. Tulimbembeleza mpaka ngoma za mwenye chatu zikaanza kulia. Tukabaki kumi na tano, na watu wote wa uwanja wametupa mgongo, wanamtazama chatu akitolewa kwenye kapu.

"Jipangeni," Mwalimu alisema. "Nafasi yake iacheni wazi."

"Mwalimu, watauliza."

"Waulize."

Na kweli wakauliza. Tulipoanza kuzunguka, kijana mmoja aliyekuwa anapita na miwa alisimama. "Mzee, duara lako lina pengo!"

"Si pengo, ni sifuri."

"Sasa huyo sifuri yuko wapi?"

"Ungemwona angekuwa moja."

Kijana akacheka, akaita wenzake waje wamsikie mzee. Wengine wakaja kubisha. Mmoja akaita, "Mara mbili!" Usinga ukamgusa moja wa kwanza, namba ikasomwa, na ilipofika kwenye pengo sote tukanyamaza kwa pigo moja la ngoma, halafu tano akaendelea. Kile kimya watu walikipenda kuliko tarakimu. Walianza kukisubiri. "Mara saba!" "Mara kumi na moja!" Kila mara pengo lilikuwa mahali pengine katika jibu, na kila mara likifika watu mia walinyamaza pamoja nasi, kisha wakalipuka kwa kicheko. Upande wa pili watu walisikia kimya halafu kicheko, wakadhani kuna kitu cha ajabu, wakaja. Chatu aliinua kichwa, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuona migongo ya watu.

Mwenye chatu naye aliona. Akaja mpaka kwenye duara letu, chatu shingoni, akaita kwa nguvu, "Kumi na saba!"

Alikuwa amepeleleza. Alijua tunacheza mpaka kumi na sita tu. Alichokuwa hajui ni kwamba Mwalimu alikuwa anaisubiri kumi na saba tangu siku ya kwanza. Ukiizidisha namba ile kwa kumi na saba, wote kumi na sita wanageuka kuwa tisa. Na namna ya kuicheza ilikuwa hii: usinga ukienda juu, kila mtu anavuka duara, anamshika mkono mwenzake, na kila jozi inapiga kelele tisa.

Usinga ulikwenda juu. Tano akamkimbilia nne, nane akamkimbilia moja, tatu akamkimbilia sita. Wote wakashikana. Mimi nikavuka nikafika kwenye pengo, nikanyoosha mkono kama nilivyofundishwa. Hapakuwa na mtu. Nikabaki nimesimama mbele ya uwanja mzima, mkono umenyooka, sijui niurudishe au niuache.

"Huyu naye amekosa mchumba!" mtu alisema, na uwanja ukaanguka kwa kicheko.

Sikuwahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile. Ndipo nikasikia vishindo. Baba Kabula alikuwa anakuja mbio kutoka nyuma ya ghala, kibao kinamrukaruka tumboni. Aliniambia baadaye kwamba hakutoka kwa ajili ya hesabu. Alitoka kwa sababu nilikuwa nimesimama vibaya. Akanishika mkono.

"Tisa!" tulipiga kelele.

Namba ilikuwa imetimia. Kwa kitambo kidogo ngoma, watu na Mwalimu wote walikuwa kitu kimoja. Kisha mama mkwe alinyanyuka kwenye mkeka, akajifunika uso kwa khanga.

"Huyo si mume wa binti yangu?"

"Mayu wee, mama yangu!" alilia Baba Kabula. Aliniachia, akatimua mbio kuelekea kwenye mabua ya mtama. Mama mkwe akageuka kwenda nyumbani, mabega yanatikisika, hatukujua analia au anacheka. Wanawake wakamfuata kumtuliza. Vijana wakamfuata Baba Kabula. Waliobaki wakafuata wanawake ili wajue atasema nini. Uwanja ukamwagika kama debe lililotoboka, na katikati ya kumwagika huko wazee wakapuliza kipenga.

Kwetu palikuwa na yule kijana wa miwa na mbwa wawili. Kwa chatu palikuwa na wazee wasioweza kukimbia. Walikuwa wengi kuliko mbwa.

"Umeona ilivyotimia?" Mwalimu aliniambia, macho yanang'aa.

"Mwalimu, tumeshindwa."

"Hilo ni jambo jingine," alisema. Lakini alipokwenda kuzipakia ngoma kwenye mkokoteni wa mwenzake, alifanya polepole sana. "Hii kubwa usiilaze karibu na moto," alimwambia mwenye chatu. "Na hii ndogo inalegea ngozi asubuhi, uianike kidogo."

Didia ilikuwa kimya baada ya hapo. Ukimwamkia Mwalimu aliitikia marahaba tu, hakuuliza kingine, na watu wazima wakaanza kupita njia ya kawaida. Mama Limi aliwahi kumwambia mama yangu kwamba angeweza kuvumilia nyumba bila bati, lakini si mume wa namna ile. Mimi niliondoka kwenda Kagongwa, nikapata kazi ya kubeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Baadaye nikasikia Mwalimu haonekani nyumbani siku nzima. Nikadhani anaumwa.

Nilimwona mara ya mwisho huko huko Kagongwa, siku ya mnada wa ng'ombe. Nilisikia ngoma, na ile ndogo nikaitambua kwa sauti. Nikaacha gunia, nikaenda.

Watu walikuwa wamesongamana. Katikati, vijana wa mwenye chatu walikuwa wanazunguka duara, kila mmoja na kibao kifuani. Mwalimu alikaa nyuma ya ngoma kubwa, usinga mapajani, kofia imeteleza kisogoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Tisa. Umechelewa."

"Si walizichukua ngoma?"

"Walizichukua. Nilikwenda kuangalia kama zimelala vizuri."

Mwenye chatu alinishika bega. Alionekana amekonda. "Kijana, unamfahamu huyu mzee?"

"Namfahamu."

"Mchukue."

"Nimpeleke wapi?"

"Popote. Mimi nilishinda ngoma, hakuna aliyeniambia zinakuja na mtu. Alikuja kuzitazama. Akaja tena kuzikaza ngozi. Akasema vijana wangu wanazipiga vibaya, awaonyeshe kidogo. Niliporudi kutoka kumtafutia chatu kuku, nilikuta wana vibao." Akashusha sauti. "Na ubaya ni kwamba watu wanakuja. Wanakuja wengi kuliko zamani. Siwezi hata kumfukuza."

"Na chatu?"

"Chatu ana kazi," Mwalimu alisema kutoka nyuma ya ngoma. "Mwonyeshe."

Mwenye chatu alitazama chini. Kisha akaingia kwenye duara, mahali palipokuwa wazi, akamshusha chatu kutoka shingoni na kumkunja mikononi, kichwa kikakutana na mkia. Ilikuwa sifuri nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Watu walipiga vigelegele. Mkabala naye, upande wa pili, palikuwa na nafasi nyingine wazi, na kibao kimelala chini.

"Tisa wetu amekimbia jana," Mwalimu alisema. "Wa kabla yake alikimbia juzi. Sielewi vijana wa siku hizi."

Nilielewa mimi. Nilitaka kusema kwamba nimeacha gunia, kwamba tajiri wa mashine atanitafuta. Lakini watu walikuwa wamekwisha kunigeukia, na Mwalimu alikuwa ananivika kibao mwenyewe, anakifunga kwa kamba juu na chini. Nikasimama kwenye nafasi yangu. Chatu alinitazama. Nyuma ya watu mtu akaita, "Kumi na saba!" na usinga ukaenda juu.

Nikavuka duara. Kwa kuwa chatu hana mkono nilimshika mkia, ulikuwa mkavu na wa baridi, na nikaita tisa kwa sauti ambayo mama yangu hajawahi kuisikia.